KANISA LA WATU WALIOHAMA

Leo tunaongea juu ya kanisa moja dogo la watu waliohama. Kanisa hilo liko mbali, katika mji wa New York, nchini Marekani. Lakini tegeni sikio, kwani habari yake inatugusa sisi.

Linaitwa Transfiguration, ndiyo kusema Kanisa la Bwana Kugeuka Sura. Parokia hiyo ilianzishwa mwaka 1827 na padri mkimbizi, Félix Varela, aliyezaliwa Havana, Cuba, mwaka 1788. Alipokuwa mjumbe katika bunge la Hispania, alitaka watumwa waachwe huru na nchi yake ipate kujitawala. Mfalme alipopata tena nguvu, padri huyo alihukumiwa kufa, akakimbia. Alifika Marekani mwaka 1823, na Kiingereza hakikuwa lugha yake.

Je, mtu wa namna hiyo afanye nini? Padri Varela hakungoja arudi kwao ndipo aanze kuishi. Alitazama kando yake, akaona Wairlandi maskini waliojaa vijumba vya mji. Akawa padri wao. Kipindupindu kilipoingia New York mwaka 1832, aliwaendea wagonjwa katika hospitali. Alifariki Florida mwaka 1853, na Cuba hakuiona tena.

Mwaka uleule wa 1853, wakristo wake walinunua nyumba ya mawe katika barabara ya Mott. Nyumba ile ilijengwa na Walutheri mwaka 1801, kisha ikawa ya Waanglikana. Si kanisa la fahari. Ni dogo, na limebanwa na maduka na nyumba za ghorofa. Humo waliingia Wairlandi, wengi wao wakiwa wamekimbia njaa kubwa iliyoanza kwao mwaka 1845, ambayo iliua watu karibu milioni moja.

Ndugu, fikirini maana ya nyumba kama ile. Nje barabarani, mtu aliyehama anaitwa mkimbizi, mgeni, yule wa kambini. Hajulikani alikuwa nani kwao. Lakini akiingia katika sala, anaitwa jina lake la ubatizo. Anaimba katika lugha aliyofundishwa na mama yake. Akifiwa, kuna watu wa kulala naye kwenye kilio. Pale anajua kwamba vita ilimnyang'anya shamba na nyumba, lakini haikumnyang'anya utu wake. Watu wa Mungu walitoka Misri na kukaa jangwani katika mahema, na Mungu alikaa nao humohumo hemani. Hata Yesu alibebwa usiku na wazazi wake kukimbilia nchi ya kigeni.

Sasa sikilizeni lile la kusikitisha. Miaka ilipita, Waitalia wakaanza kufika, nao pia maskini. Je, watoto wa wakimbizi wa jana waliwapokeaje? Waliwateremsha chini! Wairlandi walisali juu, kwenye kanisa zuri, na Waitalia wakasalia katika chumba cha chini ya sakafu. Imani ilikuwa moja na Misa ilikuwa moja, lakini mlango haukuwa mmoja. Wale waliolala njaa walisahau njaa.

Mambo hayo hayakudumu. Mwaka 1902 parokia ilipewa Wasalesiani wa Don Bosco, wale tunaowajua huku Goma na Lubumbashi, ili wawahudumie Waitalia. Halafu wakafika Wachina. Sheria ya mwaka 1882 iliwafungia wafanyakazi Wachina mlango wa Marekani, na haikufutwa mpaka 1943. Siku hizi katika kanisa lile watu wanasali kwa Kichina na kwa Kiingereza. Mawe ni yaleyale ya 1801. Waliobadilika ni watu, na kila kabila lililoingia lilikuta mlango uliofunguliwa na wengine.

Ninyi wakubwa wa mitaa na wa parokia, chumba cha chini kiko hata kwetu. Kiko pale mama mhamiaji anaposukumwa nyuma kwenye bomba la maji, na bidoni yake ikajazwa ya mwisho. Kiko pale jina linapofutwa kwenye orodha ya msaada kwa sababu ya kabila. Kiko pale tunapompa mgeni benchi kanisani, lakini hatumpi neno katika kikao. Kabla ya kukata shauri, ulizeni: wazee wetu walifika hapa lini, na nani aliwapokea?

Nanyi familia mliohama, mna kazi yenu. Kusali pamoja na watu wa kwenu ni dawa. Lakini dawa hiyo inageuka sumu ikiwa katika kikundi chenu mnalea kisasi na kuwafungia wengine mlango. Padri Varela, Mkuba, aliwatumikia Wairlandi. Wewe nawe mtazame jirani wa hema la pili, hata kama hasemi lugha yako. Akiugua, nenda. Akifiwa, kaa naye.

Na ndugu zetu Waprotestanti na Waislamu, neno hili ni lenu vilevile. Nyumba yoyote ya sala, iwe ya mawe au ya mbao, tumeikuta na tutaiacha. Mwenyewe ni Mungu peke yake.

Maswali ya kuongea pamoja:
1. Katika mtaa wetu, nani amewekwa "chumba cha chini"?
2. Wenyeji na wahamiaji wanaweza kufanya kazi gani pamoja juma hili?
3. Katika vikao vyetu, nani bado hajapewa neno?

Amani ya Mungu ikae nanyi na watoto wenu.