Uyoga wa Lingzhi: Manufaa, Matumizi na Suala la Kilichomo Ndani ya Pakiti

Miongoni mwa aina za uyoga zinazotumika kama dawa, ni chache zilizosifiwa kwa muda mrefu kama lingzhi, ambao Wajapani huuita reishi na wanasayansi huuweka katika jenasi ya Ganoderma, yaani kundi la uyoga mgumu unaoota kwenye magogo na mashina ya miti. Kitabu cha kale cha dawa cha Kichina, Shennong Bencao Jing, ambacho kwa kawaida huhusishwa na zama za utawala wa Han, kiliutaja kwa rangi sita na kuuweka katika daraja la juu, miongoni mwa dawa zilizoaminiwa kuwa zinaweza kutumiwa kwa muda mrefu bila kudhuru. Katika Afrika Mashariki umefika zaidi kwa njia ya biashara ya mtandao wa wauzaji, ukiwa ndani ya vidonge, dawa ya meno na vipakiti vya kahawa, na sifa zilizoandamana nao ni nyingi kuliko ushahidi. Makala hii inashikilia kwamba uyoga huu una manufaa yanayostahili kuchunguzwa kwa makini, lakini kabla ya kuuliza unatibu nini, ni lazima kwanza iulizwe kama kweli umo ndani ya bidhaa inayouzwa kwa jina lake.

Kofia ya lingzhi ina umbo la figo na rangi nyekundu ya kahawia inayong'aa kana kwamba imepakwa vanishi, na ukingo wake hubaki mweupe au wa manjano kwa muda wote unapoendelea kukua. Upande wa chini una vitundu vidogo mno vinavyotoa spora, yaani chembe za uzazi, nyingi kiasi cha kuifunika kofia nzima kwa vumbi la kahawia. Kwa kuwa ni mgumu na hautafuniki, hukatwa vipande vyembamba na kuchemshwa kwa moto mdogo kwa saa moja au zaidi, kisha hunywewa maji yake, ambayo ni machungu. Kitabu rasmi cha dawa cha China kinaelekeza gramu 6 hadi 12 za uyoga mkavu, kwa mtu anayekosa usingizi, mwenye mapigo ya moyo kwenda mbio, kikohozi chenye kubanwa pumzi, au aliyepoteza hamu ya kula. Saratani na kisukari, ambayo ndiyo magonjwa yanayotajwa zaidi na wauzaji, hayamo katika maelekezo hayo.

Viambato vinavyotiliwa maanani ni vya makundi mawili. La kwanza ni beta-glukani, aina ya wanga tata uliomo katika kuta za seli za uyoga, ambao katika maabara umeonekana kuziamsha seli za kinga ya mwili. La pili ni triteripeni, zikiwemo asidi za ganoderi, ambazo ndizo chanzo cha ule uchungu.

Hata hivyo, yanayotokea katika maabara si lazima yatokee kwa mgonjwa. Mapitio ya shirika la Cochrane, linalokusanya na kupima majaribio ya tiba, yalichunguza majaribio 5 ya wagonjwa wa saratani na kuona kuwa waliopewa uyoga huu pamoja na tibakemikali au mionzi walielekea kuitikia tiba vizuri zaidi, ilhali hapakuwa na ushahidi wa kutosha wa kuufanya tiba ya kwanza ya saratani. Mapitio mengine ya shirika hilo, ya mwaka 2015, hayakupata ushahidi wa kuunga mkono matumizi yake katika kupunguza vihatarishi vya ugonjwa wa moyo kwa wenye kisukari cha aina ya pili. Kwa hiyo mgonjwa anayeacha dawa za hospitali ili anywe kahawa ya ganoderma anafanya jambo ambalo hata majaribio yenye matokeo mazuri hayakulifanya.

Yapo mazingira ambamo uyoga umewahi kukubaliwa kuwa dawa kamili. Nchini Japani, kwa miongo kadhaa kuanzia miaka ya 1970, dondoo iitwayo PSK, inayotokana na uyoga mwingine, Trametes versicolor, ilitumika kusindikiza tiba ya saratani. Tofauti yake na bidhaa nyingi za lingzhi ni kwamba hiyo ilikuwa dondoo moja inayojulikana, yenye kipimo kinachojulikana.

Kwa upande wa lingzhi, hata jina lenyewe limeleta mkanganyiko. Ganoderma lucidum ni jina linalotokana na uyoga ulioelezwa Uingereza na William Curtis mwaka 1781, na kwa miaka mingi liliutaja pia uyoga wa China, hadi mwaka 2012 wataalamu walipoutenga huo wa China kuwa spishi yake, Ganoderma lingzhi. Tafiti nyingi za zamani zinazosema lucidum, kwa hiyo, huenda zinahusu uyoga mwingine. Yaliyomo ndani ya pakiti ni tatizo kubwa zaidi: utafiti uliochapishwa mwaka 2017 ulipima bidhaa 19 zilizouzwa Marekani kama lingzhi, na ni 5 tu zilizothibitika kuwa na viambato vinavyolingana na jina hilo. Sababu mojawapo ni kwamba baadhi ya wazalishaji huotesha nyuzi za uyoga juu ya nafaka, kisha husaga vyote kwa pamoja, hivyo mnunuzi hulipia wanga wa mchele. Tone la iodini, lile linalotumiwa na wanafunzi wa sekondari kutambua wanga, likigeuza unga huo kuwa bluu iliyokolea, linatoa dokezo la kutosha la kumtilia shaka muuzaji. Kahawa tamu isiyo na dalili yoyote ya uchungu wa triteripeni nayo inastahili maswali, ingawa sukari na kahawa zinaweza kuuficha.

Nchini Tanzania, Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala ya mwaka 2002 iliunda Baraza la kusimamia tiba hizo, lakini kipakiti kinachoandikwa kuwa ni kinywaji hakijitangazi kuwa dawa. Madai ya kutibu hutolewa kwa mdomo, sebuleni kwa mteja, mahali ambapo mkaguzi hafiki. Usalama nao haupaswi kuchukuliwa kirahisi, kwa kuwa zimewahi kuripotiwa Hong Kong na Thailand kesi za kuharibika kwa ini kwa watu waliotumia unga wa lingzhi, na wanaotumia warfarini au dawa nyingine za kuzuia damu kuganda, dawa za shinikizo la damu, au wanaojiandaa kufanyiwa upasuaji, hushauriwa kuuepuka au kwanza kumweleza daktari. Kwa kuwa wagonjwa wengi hawaihesabu kahawa kuwa dawa, mhudumu wa afya anayeuliza tu "unatumia dawa gani nyingine?" hatapata jibu; aulize pia ni vinywaji na virutubisho gani mgonjwa amenunua, na aombe kuletewa pakiti yenyewe.