Nafasi Iliyobaki Sikioni: Kukuza Sauti na Kuibana



Wengi huiona shimesikio, yaani kifaa cha kumsaidia mtu kusikia, kuwa kipaza sauti kidogo. Kukuza sauti ni kazi rahisi. Fundi redio yeyote anaiweza. Ugumu ni kuiingiza sauti iliyokuzwa katika sikio lililobakiwa na nafasi finyu.

Sikio zima huanza kusikia karibu na desibeli 0, na sauti huanza kumkera mtu inapofika 100 hivi. Ndani ya koklea, kiungo cha kusikia kilicho katika sikio la ndani, seli za nje zenye vinyweleo huzipa nguvu sauti hafifu. Zikiharibika, mtu anaweza asisikie kitu chini ya desibeli 60, lakini kiwango cha kukereka kikabaki palepale. Ndiyo maana babu hukuambia, "Sema kwa nguvu, mjukuu wangu," ukipaza sauti kidogo tu anauliza mbona unampigia kelele. Nafasi yake ni desibeli 40.

Tukiongeza desibeli 40 kwa kila sauti, mnong'ono wa 30 utafika 70. Vizuri. Lakini mazungumzo ya 60 yatafika 100, na ukelele wa 80 utafika 120, ambayo ni maumivu. Kwa hiyo kifaa hubana: kuanzia kwenye mnong'ono, kila desibeli 2 zinazoongezeka kwenye maikrofoni huongeza 1 tu sikioni. Mnong'ono unatoka na 70, mazungumzo 85, ukelele 95. Vyote vimeenea.

Tatizo la pili ni kwamba usikivu haupungui kwa usawa. Mara nyingi masafa ya juu ndiyo hutangulia kupotea. Tamka fika, shika, pika. Irabu ni zilezile na zina nguvu. Kinachoyatenga maneno hayo ni konsonanti ya mwanzo, fupi na hafifu, ambayo alama zake nyingi ziko masafa ya juu. Mgonjwa anajua umesema, hajui umesema nini. Basi kifaa hugawa sauti katika mikanda ya masafa, kila mkanda ukakuzwa kwa kipimo chake.

Kila tiba hapa ina gharama yake. Mikanda ikiwa myembamba sana, uchakataji huchukua muda; sauti ikichelewa kwa zaidi ya milisekunde 10 hivi, mvaaji huanza kusumbuliwa na sauti yake mwenyewe. Tukibana kwa haraka mno, kupanda na kushuka kwa usemi hufifia. Tukibana polepole, mlango ukibamizwa humshtua.

Hakuna mpangilio mmoja unaofaa masikio yote. Kwa hiyo ugawaji wa vifaa usihesabiwe kwa maboksi. Pasipo odiogramu, yaani mchoro wa kipimo cha usikivu, ya kila mtu, na mtaalamu wa kumpokea anaporudi kurekebishiwa, tunagawa kelele, na kelele hiyo huishia kabatini.