Kariakoo mpaka Pugu kwa Tairi Pana

[SAUTI ZA SOKO: MKOKOTENI, HONI ZA BODABODA, WATU WAKIOMBA NJIA. KENGELE YA BAISKELI. SAUTI ZINASHUKA, ZINABAKI CHINI.]

MTANGAZAJI: Ni Jumapili, saa kumi na moja na nusu alfajiri, tuko Kariakoo, Mtaa wa Msimbazi. Mafuso ya mboga yamekwisha kushusha, na hapa mbele yangu linapita guta lenye magunia ya vitunguu yaliyopangwa hadi mwendeshaji haonekani. Ukisikia mtu anapiga kelele nyuma yako hapa, usigeuke kumtazama. Pisha kwanza, mshangao baadaye.

Leo tunatoka na baiskeli kwenda msituni. Hatuendi Mikumi wala Amani. Tunakwenda Pugu na Kazimzumbwi, wilayani Kisarawe, kama kilomita 30 kutoka hapa. Wapo watu waliozaliwa Ilala na wakazeekea Ilala, na Pugu wanayoijua ni ile ya mnada wa ng'ombe tu.

Kuendesha baiskeli kwenye njia za changarawe ni mchezo unaokua duniani. Kule Kansas, Marekani, tangu mwaka 2006 watu hukusanyika mji wa Emporia kushindana kwenye barabara za mawe, na mbio zao kubwa ni za maili 200, yaani zaidi ya kilomita 320. Majirani zetu wa Kenya nao walianza mbio za namna hiyo Maasai Mara mwaka 2021, na marehemu Sule Kangangi alikuwa miongoni mwa waliozisukuma. Baiskeli za mchezo huo zina usukani uliokunjwa kwa chini, na bei yake unanunua pikipiki. Mimi nasema achana nazo kwanza. Hapa Kariakoo baiskeli ya mtumba inatosha. Tumsikie fundi.

[SAUTI YA PAMPU.]

FUNDI: Dada, fremu yako haina neno. Itakayokuumbua ni tairi. Hii ni nyembamba, ya lami. Ukikuta kichanga utashuka kusukuma.

MTANGAZAJI: Kwa hiyo nifungiwe ipi, fundi?

FUNDI: Saizi hiyo hiyo 26, lakini pana, yenye meno. Na upepo usijaze sana. Kwenye lami sawa, jaza. Ukiingia vumbi toa kidogo. Bonyeza kwa kidole gumba hivi, kikiingia kidogo, hapo hapo.

MTANGAZAJI: Na cheni? Niimwagie oili?

FUNDI: Wee! Ukiimwagia, mchanga wote wa Kisarawe utarudi nao. Ifute kavu, tia tone moja moja, futa tena. Halafu beba solusheni, viraka, mpira wa ndani wa akiba na pampu yako. Mafundi utawakuta Gongo la Mboto, utawakuta Kisarawe mjini. Katikati pale ukipata pancha, ni wewe na Mungu wako.

MTANGAZAJI: Ahsante, fundi. Ujira wako huu hapa.

[MUZIKI MFUPI. SAUTI YA TAIRI JUU YA LAMI, MAGARI YA MBALI.]

MTANGAZAJI: Tumeshika Barabara ya Nyerere, ambayo wazee wa mji bado wanaiita Barabara ya Pugu. Kamata, Tazara, Kipawa, uwanja wa ndege, Ukonga, Gongo la Mboto. Sitakudanganya, kipande hiki hakina raha. Kina malori na vumbi, na bodaboda anayekuja upande wako akitaka umpishe wewe. Ndiyo maana tumetoka alfajiri ya Jumapili. Ukitoka saa mbili siku ya kazi, utakachokiona ni matako ya daladala mpaka Ukonga. Vaa kofia ngumu na uwashe taa ya nyuma hata kama kumekucha.

Lakini kuna jambo la kuliwaza njiani. Mto Msimbazi, huu unaofurika Jangwani kila masika hadi barabara inafungwa na watu wa Magomeni wanazunguka, chanzo chake kiko kwenye vilima vya Pugu. Safari yetu inakwenda kinyume na maji yake. Ukishafika juu na kuuona ule udongo ulioshikwa na mizizi, kisha ukakumbuka tope la Jangwani, hutahitaji semina ya mazingira.

Njia hii ina historia nyingine. Mwaka 1954, TANU ilizaliwa kwenye nyumba ya Mtaa wa Lumumba, dakika chache kutoka pale tulipomwacha fundi. Rais wake wa kwanza, Julius Nyerere, alikuwa wakati huo mwalimu wa Chuo cha Mtakatifu Francis, Pugu, na mikutano ya mjini ilimlazimu kuikata njia hii hii. Mwaka 1955 akaacha ualimu, akashuka moja kwa moja. Chuo kile leo ni Shule ya Sekondari Pugu.

[PUMZI ZA MTU ANAYEPANDA MLIMA. GIA INABADILISHWA.]

MTANGAZAJI: Pugu Kajiungeni. Hapa njia inagawanyika, kuna ya Chanika na kuna ya Kisarawe. Sisi tunashika ya Kisarawe, na hapa... subiri nivute pumzi... hapa ndipo mlima unapoanza. Vilima vyenyewe si virefu, vinacheza kwenye mita 300 hivi juu ya bahari. Lakini mtu wa Kariakoo aliyezoea tambarare atavitambua kwa mapaja.

Na tazama anayeshuka. Ni kijana mwenye baiskeli ya Phoenix, fremu imeongezewa nondo, keria imechomelewa upya, na juu yake kuna magunia mawili ya mkaa yaliyosimama. Hajaipanda. Anatembea pembeni, mkono mmoja kwenye usukani na mwingine kwenye gunia, na breki yake ni kipande cha kandambili anachokikandamiza kwenye tairi la nyuma. Kijana huyu hajawahi kusikia habari za Kansas, lakini mwenye njia za changarawe za Kisarawe ni yeye. Vijia vingi utakavyovifurahia leo vilikanyagwa na wabeba mkaa, kuni na mihogo kabla ya mtalii wa kwanza kufika. Simlaumu peke yake, maana gunia lile mnunuzi wake yuko mjini, na huenda ni mimi au wewe. Lakini tuseme ukweli: mti ukishashuka mlima huu ndani ya gunia, haupandi tena. Kama msitu hauwaingizii wakazi wake shilingi ukiwa umesimama, watauuza ukiwa umelala.

[NDEGE. TAIRI JUU YA UDONGO NA MAJANI MAKAVU.]

MTANGAZAJI: Tumeingia. Pugu na Kazimzumbwi leo ni hifadhi moja ya mazingira asilia, chini ya Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania, TFS. Unasimama getini, unajiandikisha, unalipia, unapewa mtu wa kukuongoza. Joto la mjini limebaki nje. Chini ni udongo mwekundu wenye kokoto ndogo, halafu ghafla kichanga, halafu mzizi umekatiza njia. Usifunge breki ya mbele kwenye kichanga. Kaa nyuma ya kiti, legeza mikono, endelea kupiga pedali.

Hii ni misitu ya pwani, mabaki ya misitu ya kale sana. Yumo sange, mnyama mdogo mwenye pua ndefu isiyotulia. Mara nyingi utamsikia kwenye majani makavu kabla hujamwona. Yumo pia komba wa Rondo, miongoni mwa komba wadogo kuliko wote duniani, anayepatikana katika misitu michache tu ya pwani ya Tanzania. Huyo ni wa usiku, wewe wa mchana hutamwona. Na kuna mapango ya popo, ambayo kwa hakika ni mashimo yaliyochimbwa na watu waliofuata udongo mweupe wa kaolini. Harufu yake utaipokea kabla ya kufika mlangoni. Baiskeli acha nje, ingia na tochi na mwongozaji, na usiwapigie popo kelele.

Mwenye miguu iliyobaki anaweza kutoka Kisarawe mjini kwa njia ya Maneromango, apite kwenye mikorosho, miembe na mifenesi ya Wazaramo. Mimi nimesimama kwa mama mmoja wa mihogo ya kukaanga, na hapo ndipo gari langu limezimika.

[MUZIKI WA KUFUNGIA UNAINGIA CHINI.]

MTANGAZAJI: Miezi mizuri ni Juni hadi Septemba. Machi hadi Mei ni masika, udongo mwekundu unateleza na tope linajaa kwenye madigadi, usijaribu. Nendeni wawili au zaidi, mbebe maji ya kutosha, na mgeuze kurudi mapema ili giza lisiwakute Gongo la Mboto. Na pale getini usipite njia ya panya eti kwa kuwa una baiskeli. Lipa ada, dai risiti.