Kidonda cha Kifandugu: Kushonwa au Kuachwa Wazi
Nywele zikipenya ngozi juu ya kifandugu huweza kuzusha jipu sugu linalohitaji upasuaji. Baada yake kidonda hushonwa au huachwa wazi. Kilichoshonwa kwa kawaida hupona mapema. Lakini mshono ukiwa katikati ya mfereji wa matako, ugonjwa hurudi kwa urahisi zaidi kuliko ukiwa pembeni. Kilichoachwa wazi huchukua wiki nyingi: huoshwa kwa maji safi na kufungwa shashi isiyoshindiliwa, ili nyama iote kutoka chini. Kikiziba juu kabla ya chini, usaha hujificha ndani. Kwa hiyo mgonjwa asiache kwenda kufungwa kidonda kwa sababu ya haya wala uchovu. Zikizuka homa au harufu mbaya, afike zahanati siku hiyo hiyo.