Usanifu wa Nyumba na Maisha ya Vizazi Vijavyo
(Hotuba iliyotolewa kwenye mkutano wa wanafunzi wa zamani, Ifakara)



Nimepewa mada nzito: nafasi ya usanifu katika kulinda maisha ya binadamu kwa siku nyingi zijazo. Wengine wakisikia hivyo huwaza maghorofa na vyombo vya anga. Mimi naomba twende Namawala tu, tukatazame upenu wa nyumba.

Mwanzoni mwa miaka ya 1990 watafiti walihesabu mbu wa Namawala usiku baada ya usiku. Wakakuta kwamba mtu mmoja aliweza kuumwa na mbu wenye vimelea vya malaria zaidi ya mara 300 kwa mwaka. Ni karibu kila usiku! Mwaka 1997 ukaanza mpango wa KINET katika wilaya za Kilombero na Ulanga, na vyandarua vikauzwa kwa jina la Zuia Mbu. Matokeo yalitolewa mwaka 2001: kwa watoto wa mwezi mmoja hadi miaka minne, chandarua chenye dawa kiliongeza uwezekano wa kuishi kwa asilimia 27. Wamo humu ndani vijana ambao mama zao walikinunua.

Lakini mbu naye hakulala. Shirika la Afya Duniani lilianza kampeni ya kufuta malaria mwaka 1955, likitegemea sana DDT. Mwaka 1969 likaiacha kampeni hiyo, na usugu wa mbu ulikuwa mojawapo ya sababu. Leo bondeni kwetu mbu aitwaye Anopheles funestus, ambaye ndiye anayeeneza sehemu kubwa ya malaria, amekuwa sugu kwa dawa zilizozoeleka za vyandarua. Chandarua tukitumie, hilo halina mjadala. Ila kila dawa mpya ina siku zake.

Sasa tazameni upenu. Mbu wa malaria hufuata pumzi na harufu ya mtu. Akigonga ukuta hupanda juu, na pale kati ya ukuta na paa hukuta uwazi tuliomwachia sisi wenyewe. Nchini Gambia nyumba ziliwekwa wavu madirishani na milangoni, na upenu ukazibwa. Matokeo yaliyotolewa mwaka 2009 yalionyesha mbu ndani wamepungua kwa asilimia 59. Mbu anaweza kuzoea dawa. Kupita penye ukuta usio na tundu hawezi.

Kuna mwenzangu atasema: ukiziba upenu chini ya bati, utatuoka. Ni kweli, na hapo ndipo kazi ya msanifu inapoanza. Mkoani Mtwara zimejengwa nyumba 110 za majaribio, zikakamilika mwaka 2021: vyumba vya kulala viko juu, na kuta zake ni nyepesi za kupitisha upepo lakini si mbu. Hewa ikipita vizuri, hata pumzi inayomwita mbu hupungua.

Sensa ya mwaka 2022 ilituhesabu watu 61,741,120, tukiongezeka kwa asilimia 3.2 kwa mwaka. Kwa mwendo huo tutakuwa mara mbili katika miaka ipatayo 22. Maana yake nyumba nyingi watakazolala wajukuu wetu bado hazijajengwa. Fundi akikosea upenu leo, kosa lile litalala na watu miaka 30 au 40.

Swali lililobaki gumu ni la msimu wa mpunga. Familia huhamia mashambani kwa miezi kadhaa, zikalala katika madungu na vibanda visivyo na ukuta wa maana. Watafiti wa Ifakara wamejaribu vipande vya magunia vilivyotiwa dawa ya kufukuza mbu, vikatundikwa penye upenu. Vinasaidia, lakini tumerudi tena kwenye dawa.

Ninyi wa Kidato cha Tatu, nawaachia hili. Chukueni miti, matete, wavu na kamba. Chora dungu ambalo mama anaweza kulifunga jioni, akalala na watoto wake bila joto, na kulifungua mavuno yakiisha alibebe kwa baiskeli. Mwenye mchoro aulete kwenye mkutano ujao, nasi wazee tutachanga fedha za kulijenga la kwanza, Namawala.