Ua la Sebuleni Lenye Utomvu Mkali



Wiki hii tulitazame lile ua la majani mapana, ya kijani yenye madoa meupe, ambalo wengi wetu tumelipambia sebule. Wataalamu huliita difenbakia, na asili yake ni misitu ya joto ya Amerika.

Ua hili halina makuu. Hutaka mwanga usio wa jua kali, na maji pale tu udongo wa juu unapokauka. Likizidishiwa maji, mizizi huoza. Miaka ikipita shina hurefuka, majani ya chini hupukutika, likabaki kama mnazi mdogo. Hapo wengi hulitupa. Ya nini? Kata shina, uache kisiki cha sentimita 15 hivi, litachipua upya. Kile kilele ulichokata kichomeke kwenye mchanga wenye unyevu, nacho kitatoa mizizi.

Lakini tahadhari, ndugu zangu! Utomvu wake una chembe za oksaleti ya kalsiamu, zenye ncha kama sindano. Mtoto akitafuna jani, mdomo na ulimi huwaka na kuvimba, hata kusema kukamshinda. Basi vaa glavu unapokata, nawa mikono kwa sabuni, wala usiache vipande sakafuni. Mtoto akishatafuna, msafishe kinywa kwa maji, usimtapishe, mkimbize hospitali.

Na nyumba yenye mtoto atambaaye, ua hili likae asikofika. Sebule itapambwa siku nyingine.

Hadi wiki ijayo, kwaherini.