Mchanga wa Mito Yetu na Vijana Wanaoulinda

(Hotuba iliyosomwa mbele ya mkutano mkuu wa mwaka wa Chama)



Mmekwisha kusikia hesabu ya fedha za mazishi, za wagonjwa na za karo. Sisi tuliopewa kazi ya kunena juu ya ardhi twaomba saburi yenu kidogo, maana jambo letu halimo katika daftari la mweka hazina, nalo ndilo litakaloamua kama watoto wetu watakuwa na kwao pa kurudi.

Mito ya kwetu mwaijua. Thwake, Tiva na Nzeeu hujaa siku chache za mvua, kisha hubaki mchanga mtupu. Mgeni akipita hudhani mto umekufa. Lakini mama zetu hufukua mchanga huo, na maji hutokea. Mchanga ndio mtungi wetu. Huyaficha maji yasikaushwe na jua. Ukichukuliwa, maji hupotea pamoja nao, kingo huporomoka, na visima vya jirani hukauka.

Watu wetu waliifahamu siri hii, wakaiongezea nguvu. Mwaka 1978 Joshua Mukusya na jirani zake walianzisha kikundi cha Utooni, wakajenga kuta za mawe na saruji kukata mito penye mwamba. Mafuriko huleta mchanga ukajaa nyuma ya ukuta, na robo yake au zaidi huwa ni maji. Katika Kitui, shirika la Sasol na wanavijiji wamejenga mamia ya mabwawa ya namna hiyo tangu miaka ya 1990. Kazi hizo zilifanywa kwa mwethya, yaani kwa mikono ya wengi, kama yalivyochimbwa matuta ya fanya juu katika mashamba yetu. Hapo zamani serikali ya kikoloni ilipolazimisha kazi ya matuta, watu waliichukia. Walipoifanya kwa vikundi vyao wenyewe, chini ya viongozi waliowachagua, ilistawi.

Sheria pia zipo. Mwaka 2015 Makueni ilipitisha sheria ya kuhifadhi mchanga, na mwaka 2018 serikali ya Kitui ilipiga marufuku biashara ya makaa. Lakini askari hawezi kulala kando ya kila mto, wala chini ya kila mti. Malori huja usiku. Nani huyapakia? Ni vijana wetu wenyewe, wasio na kazi nyingine. Na mchanga huo huenda wapi? Hapa ndipo ulimi wetu unapokuwa mzito. Huja mjini, nasi tulio mjini tumejengea nyumba zetu. Tena Chama chetu kimepata kupokea mchango wa wenye malori, nasi tulipiga makofi bila kuuliza fedha zile zimetoka mto gani. Mchelea mwana kulia hulia mwenyewe.

Wakati huo huo wako vijana wanaokesha kwenye kingo, wanaotunza vitalu vya mukau, na wanaowaendea rafiki zao wapakiaji kuwasihi waache. Kazi hiyo ni ya hatari na haina mshahara. Huwaita wasaliti rafiki zao, na wazee huwaita watoto. Twawaita siku ya kushika jembe, lakini siku ya kukata shauri twawaambia wangoje nje. Hayo si malezi. Mtu hujifunza uongozi kwa kupewa jambo la kuongoza.

Kwa hiyo, Bwana Mwenyekiti, twaleta mbele ya mkutano maombi matatu. Kwanza, Chama kisipokee tena mchango wa mwenye lori la mchanga, na kila mwanachama anayejenga aulize mchanga wake umetoka wapi kabla ya kuununua. Pili, fungu la fedha za Chama litengwe kwa saruji ya mabwawa na kwa vitalu vya miche, na vijana wanaofanya kazi humo walipwe ujira, kwa maana hatuwezi kumwambia mwenye njaa aweke sepeto chini bila kumpa chombo kingine. Tatu, Kitui itoe vijana wawili na Makueni wawili, msichana na mvulana kila upande, waingie katika halmashauri wakiwa na haki ya kupiga kura na ya kuyakagua madaftari.

Twajua ombi la kwanza litapunguza mfuko wetu, na huenda mwakani hesabu ikawa ndogo kuliko hii mliyoisikia leo. Tumelipima neno hilo, na bado twaliomba. Mfuko uliopungua hujazwa tena kwa michango; mto uliokwisha mchanga hungoja mvua nyingi, na wenye kiu hawana muda huo.

Shauri sasa ni lenu.